Chumvi na Kisima cha Shangazi

"Nani amechota? Nauliza, nani amekigusa kisima hiki?"

Sauti ilikuwa ya Chumvi, binti mpangaji wangu, na ilipanda mpaka kibarazani kwangu nilikokuwa nashona turubai la mtu. Nikaacha sindano katikati ya mshono, nikatoka. Mtaani kwetu ukisikia ugomvi ukaacha kutoka, watakuja kukuuliza unaumwa nini.

Nikamkuta amesimama kwenye ukingo wa kisima cha Shangazi, kamba mkononi, kile kikopo chake cha kupimia kinaning'inia kama pipi ya mtoto. Mbele yake amesimama mtoto wa Shangazi, dereva wa malori, mtu mpana kama mlango wa ghala, tope limempanda hadi magotini, ndoo ameishika kwa mkono mmoja. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake, ameinamisha kichwa utadhani yeye ndiye aliyekamatwa na kosa.

"Nimechota mimi," dereva akasema. "Kwani kisima ni cha baba yako?"

"Si cha baba yangu, lakini tulikubaliana! Miezi yote hii nakipima kikiwa hakijaguswa. Umeniharibia kazi yangu!"

"Kazi! Mama yangu ana maji ya bahari uani kwake, wenzake wote wanakunywa vya kwao, halafu wewe unanililia kazi?"

"Ungeniambia kwanza, kaka."

"Nikuambie wewe? Nikija kumsalimia mama yangu nako niwe naomba ruhusa?"

Watu wakaangua kicheko. Chumvi uso ukamwiva. Angenyamaza hapo ingekuwa nafuu, lakini aligeuka, akamwendea yule mama mtu mzima pale kizingitini. "Shangazi, si uliniahidi?"

Na Shangazi, badala ya kumtimua, akamwomba msamaha. "Nisamehe mwanangu. Nilimwambia aache, akanambia nimezeeka nanyamazia kila kitu. Nisamehe."

Mtu anaomba msamaha kwa kuchotewa maji ya kisima chake mwenyewe! Nikamshika Chumvi mkono, nikamwondoa kabla dereva hajaiweka ile ndoo chini, maana angeiweka chini angekuwa na mikono miwili.

Sasa huyu Chumvi ni nani? Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, shahada ya pili. Ya kwanza alikuwa ameshaimaliza, na alipokuja kupanga chumba changu cha nyuma nilimuuliza, "Sasa mwanangu, hiyo moja haikutosha?" Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyelelewa na watu. Alikuja kabla ya kimbunga, kupima visima vya mtaa wa chini, ule ulio karibu na maji. Alitaka kujua chumvi ya bahari inapenya ardhini kiasi gani. Kila asubuhi, hata kabla sijawasha jiko, alikuwa ameshatoka na kamba yake, chupa zake zenye namba, na kile kipimo kinachoonyesha tarakimu. Kipimo alikuwa nacho, lakini bado alikuwa na tabia ya kuchovya kidole akalamba. Kwa hiyo wakamwita Chumvi. Wanawake wakimwona wanamwita toka mbali, "Chumvi, njoo huku utie kidole kwenye sufuria yangu, leo mboga haina ladha!" Naye anaenda kweli, anaonja, anasema bado kidogo.

Jina lake alilopewa na wazazi nalijua, kodi alikuwa analipa kwa jina hilo. Lakini mtaani usingelitaja mtu akamjua.

Kisha kikaja kimbunga. Sina haja ya kukisimulia, kila aliyekipitia anacho chake cha kusimulia, na asiyekipitia hata ukimwambia anasema pole halafu anauliza habari nyingine. Niseme tu kwamba mabati ya nyumba yangu tuliyakuta uwanja wa shule, na bahari ilipita mtaa wa chini kama mtu anayekatiza ua wa jirani, ikaingia jikoni kwa watu, ikaingia vyooni, ikaingia visimani. Iliporudi kwake iliacha tope, na kwenye kila kisima ikaacha maji yasiyonyweka.

Chumvi hakuondoka. Lazima niliseme hili, maana baadaye watu walimsema sana. Mwanafunzi mwingine angebeba begi siku ile ile. Yeye alilala nami chini ya turubai nililolishona kwa uzi wa viatu, akabeba mawe nasi, akafua nguo za watoto wa watu. Kompyuta yake ilipasuka kona. Akawa anapanga foleni kwa mwenye jenereta ili aichaji, anakaa juu ya tofali kati ya wenye simu, anaandika na umeme wa dakika chache, na mwenye jenereta akisema mafuta yamekwisha anafunga mdomo na kompyuta pamoja.

Lakini siku moja alipanda kwenye ukuta wangu uliobomoka, kule ndiko mtandao ulikokuwa unashika, akawa anaongea na mwalimu wake wa chuo. Chini watu wanachambua vyombo kwenye tope. Wakamsikia anasema, "Ndiyo mwalimu. Ni bahati kweli. Nina vipimo vya kabla na vya baada. Ni bahati ambayo watu hawaipati."

Bahati! Mke wa fundi pampu alikuwa ameshika godoro lake lililooza, akaliachia likaanguka. Nilimngoja Chumvi ashuke. "Wewe mtoto, hilo neno ulilitoa wapi?" Akaniangalia haelewi, halafu akaelewa, akakaa chini pale pale kwenye kifusi akajifunika uso. Kwa mwalimu wake neno lilikuwa sawa, kwetu lilikuwa teke. Alilijutia. Aliniambia mara nyingi baadaye kwamba anatamani angelimeza.

Halmashauri ikaleta pampu. Ilikuwa moja, ya mji mzima. Inakuja mtaani, inakausha kila kisima hadi chini, tope linatolewa kwa makoleo, kisha mvua inajaza maji mapya. Ikishaondoka mtaani kwako imeondoka, usiitafute tena, inakwenda kwa wengine. Sasa Chumvi, kwa kazi yake, alihitaji kisima kimoja kisikaushwe. Yaani vingine vyote vikaushwe, na hicho kimoja kibaki kama bahari ilivyokiacha, ili aone kikiachwa chenyewe kitachukua muda gani kupona. Alinieleza mimi kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, nakupenda, lakini kisima changu hakijajiandikisha chuo." Mke wa fundi pampu alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Muuza mkaa alimuuliza kama na maiti ya baba yake asiizike, ili aone itachukua muda gani kuoza. Alizunguka mtaa mzima, anarudi amenywea.

Ndipo akaenda kwa Shangazi.

Shangazi si shangazi yangu wala wako, ni wa mtaa mzima. Mjane, mtu mdogo wa umbo, ana presha ya siku nyingi, na daktari alimkataza chumvi mpaka alikuwa anakula chakula kama cha mtoto mchanga. Alikuwa na ugonjwa mwingine mbaya kuliko presha: hajui kukataa. Ukimwomba sufuria anakupa na mfuniko. Chumvi alijua. Kila mtu alijua. Alipiga hodi, akasema shikamoo, akakaa chini mkekani, akaeleza kwa upole habari ya kisima, na Shangazi akamuuliza swali moja tu.

"Kitawasaidia watu huko mbele?"

"Kitasaidia, Shangazi. Kimbunga kingine kikija watajua la kufanya."

"Basi mwanangu, chukua."

Wakapatana. Chumvi atamletea maji matamu kila asubuhi, ndoo nzima, kutoka bomba la juu karibu na shule, mpaka kazi yake iishe. Itakuwa mpaka mvua za kwanza tu. Akafunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya kisima, na wenye pampu walipofika wakaona kitambaa, wakaruka, wakaenda nyumba ya pili. Nilikuwa nimesimama pale. Shangazi aliitazama ile pampu ikipita langoni kwake kama mtu anayetazama gari alilotakiwa kupanda.

Mvua za kwanza zikaja. Visima vyetu vikajaa, tukaonja, tukatema, tukangoja, tukaonja tena, na hatimaye tukanywa. Siku hiyo mtaa ulikuwa kama una harusi. Cha Shangazi kilibaki vile vile, maji mazito, ukifulia nguo zinasimama zenyewe. Chumvi akasema mwalimu wake anataka angoje kidogo. Kidogo ikazaa kidogo nyingine.

Lakini ndoo alileta, sitamnyima haki yake. Kila asubuhi nilimwona anapita na ndoo kichwani, msichana wa chuo kikuu, maji yanamtiririka shingoni. Alikuwa hapeleki tu akaondoka. Anafagia ua, anamhesabia Shangazi dawa zake, anakaa wanapiga soga. Shangazi alimfundisha kusuka ukili wa mkeka, akawa anasuka vibaya, Shangazi anafumua akisema pazuri, pazuri, huku anafumua. Mimi nikawatania, "Shangazi, naona umepata mtoto bila kuugua uchungu." Akanijibu, "Wewe una wivu wa mpangaji."

Ndiyo maana ule ugomvi na dereva uliniuma. Dereva alikuwa anaishi mbali, mji wa ndani, na barabara zilipofunguka alikuja, akaona visima vya watu vinanyweka na cha mama yake hakinyweki, akavua viatu akaanza kuchota kwa mikono yake. Alifika kama nusu. Nani angemlaumu?

Na sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo Chumvi alipojifunga kitanzi. Siku chache baada ya ugomvi alikipima kile kisima. Chumvi ilikuwa imeshuka, na imeshuka sana. Aliona kwa macho yake, kwenye kipimo chake, kwamba ndoo tu za mwanaume mmoja aliyekasirika zimefanya kile ambacho miezi yake ya kungoja haikufanya. Akampigia mwalimu. Mwalimu akamwambia kisima hicho sasa kimeharibika kwa hesabu zao, ama akiache kabisa, na sura nzima ya andiko lake ife, ama akianze upya, akiache bila kuguswa msimu mwingine wa mvua.

Alikaa kibarazani kwangu jioni nzima. Nikamwambia, "Kiache. Fungua hicho kitambaa."

"Mama, nikikiacha narudi nyuma mwaka mzima."

"Na Shangazi akikingojea msimu mwingine anarudi nyuma wapi? Ana miaka ya kurudi huyo?"

Kesho yake akaenda kwa Shangazi, akamwomba tena. Na Shangazi akakubali tena. Akamwambia mwanawe kwa simu, "Niache nimalizane na mtoto wa watu." Dereva akakata simu.

Chumvi ameniambia kwamba kama angepewa siku moja ya maisha yake airudie, angeirudia hiyo. Siku ya kwanza alipoomba alikuwa hajui. Siku hiyo alikuwa anajua.

Halafu akaitwa chuo. Alitakiwa akasimame mbele ya walimu aeleze kazi yake imefikia wapi, siku moja tu, aende na kurudi. Hakumwagiza mtu ndoo ya Shangazi, maana alijua atarudi kesho jioni. Alijaza mtungi, akamwambia Shangazi asubuhi ya keshokutwa nipo. Kumbe walimu hawakuridhika, wakamwambia abaki arekebishe hiki na kile. Siku ya pili ikawa ya tatu, na lile daraja la muda lililowekwa baada ya kimbunga likachukuliwa na maji. Alikaa huko wiki nzima. Simu ya Shangazi alipiga. Shangazi akapokea, akasema, "Maji ninayo mwanangu, wewe soma."

Nasi tulimuuliza. Nilipita langoni kwake nikasema, "Shangazi, maji unayo?" Akasema, "Ninayo." Hakusema uongo. Maji alikuwa nayo, uani kwake, kisima kizima. Hakutaka tujue kwamba Chumvi amekosa ndoo. Alijua midomo yetu, na wangu ukiwa wa mbele. Basi mtu wa presha, aliyekatazwa hata chembe ya chumvi kwenye mboga, akawa anateka pale pale kwenye kitambaa chekundu, kidogo kidogo, asiharibu kipimo, anapikia na kunywa.

Dereva ndiye aliyegundua. Alikuja bila taarifa, akamkuta mama yake miguu imevimba kama mito ya kulalia, kichwa kinamuuma, anajilazimisha kutabasamu. Akachota kikombe mtungini, akaonja, akakirusha ukutani. Hakupiga kelele safari hii, na nilitamani angepiga. Alileta lori mpaka mlangoni, akambeba mama yake kama anavyobebwa mtoto, akapakia kitanda, sanduku, na vyungu. Shangazi alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Nitarudi, jamani, ni hospitali tu, nitarudi." Dereva akafunga kufuli. Aliponipita alisema, "Mwambie mpangaji wako kisima ni chake sasa. Apime mpaka achoke."

Chumvi alirudi siku mbili baadaye, ana furaha, walimu wamepitisha kazi yake. Alikuwa amemletea Shangazi kanga mpya. Alipitiliza moja kwa moja bila hata kuweka begi kwangu, na nikamwacha aende, nikamfuata nyuma. Nilimkuta amesimama mbele ya kufuli. Nikamweleza. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, "Alisema anayo?" Nikasema ndiyo, alisema anayo. "Na mimi aliniambia hivyo hivyo."

Akafungua kitambaa, akakitia mfukoni, akashusha ndoo.

Kisima kile kirefu, na yeye mkono mwembamba. Alichota kutwa nzima, kesho yake akachota tena. Mwalimu wake alipiga simu, ikaita juu ya tofali mpaka ikachoka. Mke wa fundi pampu, yule yule wa godoro, alipita, akatazama, akaenda zake, akarudi na kamba ya pili. Nikafuata mimi. Muuza mkaa akashuka chini kutoa tope, akapanda akiwa mweusi zaidi ya kazini kwake. Tulipofika chini, Chumvi alisugua zile pete za zege zinazoshika kuta za kisima kwa brashi mpaka vidole vikachubuka.

Sura ile ya andiko ilikufa. Alichelewa mwaka, akapata shahada yake na pengo ndani yake. Ameniambia kwenye andiko kisima cha Shangazi kinaitwa Kisima cha Tisa, na hawaruhusiwi kuandika jina la mwenyewe. Mtu mzima na nyumba yake, na ukarimu wake wote, amekuwa tisa.

Mvua zilipopita kisima kikapona. Akajaza dumu, akalifunga kwa mfuniko na nailoni juu yake, akaniomba nimsindikize kwa dereva kwa sababu anaogopa kwenda peke yake. Tulipanda basi, dumu amelipakata kama mtoto. Dereva alitufungulia mlango, akamtazama, akasogea pembeni bila salamu. Ni ustaarabu huo pia.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki dirishani, kwenye chumba chenye bomba ndani, feni, kila kitu. Amekonda. Kiharusi kilikuwa kimempata, upande mmoja wa mwili ulikuwa hausikii vizuri. Nilijua nilipomwona tu kwamba hatarudi mtaani kwetu, naye alijua, na nyumba yake dereva alikuwa ameshaipangisha kwa watu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nani, Chumvi? Umekuwa mwembamba, huko chuo hawali?"

Chumvi akapiga magoti. Alikuwa amepanga maneno, aliyarudia njia nzima ndani ya basi, lakini yote yalimpotea. Akasema, "Nimeleta maji, Shangazi. Ya kwako. Zile ndoo nilizokosa."

Shangazi akamwambia mwanawe alete kikombe. Dereva akaleta, akamimina yeye mwenyewe, na kabla ya kumpa mama yake akaonja kidogo. Akameza. Akampa.

Shangazi alikunywa polepole, kwa upande mmoja wa mdomo, mengine yakimtoka kidevuni, na Chumvi akimfuta. Akamaliza. Akakaa kidogo anayasikiliza tumboni.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ulikosa wiki moja, siyo?"

"Wiki moja."

"Dumu hili linatosha wiki?"

"Linatosha, Shangazi."

"Basi hunidai, sikudai." Akampa kikombe. "Nimiminie tena, na mama yako huyu mpe, naye ametoka mbali."